Fundi wa Mtendeni Aliyekataa Kusingizia Kitambaa

Jua la Mtendeni, mjini Tabora, halijapanda sawasawa, na fundi Advera Bundala amekwisha kasirika. Mkononi ana bisibisi nyembamba. Mezani kuna kadi ya grafiki, kile kibao cha ndani ya kompyuta kinachobeba kazi ya picha na video. Ina feni tatu za kuipooza. Moja imekufa, ya pili inakwaruza, ya tatu inahangaika peke yake.

“Sikia hiyo,” anasema, akiizungusha kwa kidole. “Inalia kama baiskeli iliyokosa grisi. Na eti ni mpya!”

Kando yake, kwenye kigoda, amekaa mwenye mali, Imakulata Ngollo wa Ipuli, anayehariri video za harusi na ubatizo. Kwa Advera hiyo ni sheria: hafungui kifaa cha mtu bila mwenyewe kukaa na kuangalia.

“Mafundi tunaitwa wezi kabla hatujashika bisibisi,” anaeleza. “Mwenye macho yake na aone.”

Imakulata yuko roho juu. Kadi aliinunua Dar es Salaam, ikaja kwa basi, na mwezi haukuisha kompyuta ikaanza kuzimika katikati ya kazi. Harusi mbili zimekwama humo, na ndugu wa bibi harusi mmoja wameanza kumtangaza kuwa ni tapeli.

Alipompigia muuzaji, aliulizwa kompyuta inakaaje. Kwa unyoofu wake akajibu kwamba mama yake huifunika kitambaa cha kufuma, kama watu wanavyofunika redio na televisheni sebuleni. Lo! Muuzaji akapata pa kushikia. Kitambaa ndicho kilichoua feni, waranti hakuna, anunue kadi nyingine.

“Nikarudi nyumbani nikamfokea mama,” anasema Imakulata, macho chini. “Mama wa watu akalia. Kitambaa chenyewe akakifumua chote.”

Advera anaguna. Mwenyewe, mwanamke katika kazi ya ufundi, amezoea kudharauliwa. Alianza kwa kutengeneza redio za wafugaji kwao Nzega, na hadi leo wapo wateja wanaoingia na kumuuliza fundi yuko wapi. “Nawajibu, ‘Umemkuta.’”

Anang’oa kifuniko cha kadi, kisha anamvuta Imakulata karibu. Chini ya stika ya waranti inayong’aa, kichwa cha skrubu kimechubuka. Kwenye mhimili wa feni kuna tone la gundi lililokauka hadi likawa la njano. Kadi ilishamfia mtu mwingine, ikapakwa gundi, ikabandikwa stika, ikauzwa kama mpya.

“Kitambaa kinaongeza joto, sikatai, mama asiifunike ikiwa inafanya kazi,” anasema Advera, sauti ikipanda. “Lakini kitambaa hakipaki gundi! Mzee wa watu analizwa kwa uongo wa mtu mzima na akili zake. Hawaoni haya?”

Kinachomuuma zaidi ni lile neno “nunua nyingine”. Kadi nzima ni bei ya ng’ombe wawili. Feni zake hazifiki bei ya mbuzi. “Nani anachinja ng’ombe kwa sababu ya kupe?”

Feni nyingine aliziagiza mapema kwa namba ya kadi, zikaletwa na basi. Anafuta ile dawa kuukuu ya kusambaza joto, anapaka mpya, anachomeka waya na kuwasha. Zote tatu zinazunguka, hata mlio hazina.

Imakulata hampigii bibi harusi. Anampigia mama yake. “Shikamoo mama. Haikuwa wewe. Nisamehe, mama yangu.”

Advera anamtumia muuzaji picha ya ile gundi. Haichukui muda, simu ya Advera inaita, na sauti imejaa asali.

“Dada fundi, hayo yaishe. Ninazo nyingine kama hiyo. Nikutumie uzifufue, tufanye biashara?”

“Tuma, kaka. Lakini kila nitakayoifungua nitaiandika kwa wino usiofutika: ‘Si mpya. Feni zimebadilishwa Tabora.’”

Simu inakatwa. Advera anacheka, kicheko kisicho na furaha.

Mpango wake sasa ni kuweka akiba ya feni dukani, ili mtu wa Igunga au Nzega asiambiwe tena atupe kadi nzima. Na kuandika hataacha.

“Kila kadi nitakayoitengeneza itatoka na jina langu juu yake, Advera Bundala, Mtendeni,” anasema. “Yule aliyepaka gundi, jina lake liko wapi?”