Ufagio Ulioruka Mlango Wangu

Nyumba tuliyopanga Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani bomba moja na choo kimoja. Ufagio wa uani nao ulikuwa mmoja, wa chelewa, mkubwa, umekazwa kwa mpira wa baiskeli. Siku ya zamu yako unafagia uwanja, unaosha choo kwa maji na majivu, kisha ufagio unausimamisha mlangoni kwa jirani anayefuata. Akiamka anaukuta. Hakuna kukumbushana wala kuulizana. Ufagio unatoka mlango wa kwanza mpaka wa sita, halafu unaanza upya. Sisi tulikuwa mlango wa tatu.

Niliporudi kutoka hospitali, ufagio ulitoka mlango wa pili ukaenda wa nne.

Hospitali yenyewe haikuwa ya malaria wala ya kujifungua. Nasema mapema, anayetaka kuacha kusoma aache hapa hapa. Nililazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Baada ya kumzika mama yangu, kuna kitu kilinikalia kifuani kikakataa kushuka. Nikienda sokoni kununua dagaa, watu wakinibana, moyo unaanza mbio, vidole vinakufa ganzi, naona roho inatoka pale pale mbele ya mafungu ya nyanya. Naacha kikapu natimua. Nyumbani nalala nimegeukia ukuta. Watoto wanalia njaa, nawasikia kama watoto wa mtaa mwingine. Mume wangu, mpakizi wa mizigo, alinipeleka kwa waganga, kuku wakachinjwa, wakaliwa na waganga, mimi nikabaki vile vile. Ndipo akanipeleka hospitali. Wanaume wengine wangenirudisha kwetu kusini na kifurushi changu cha kanga.

Kule walinipa vidonge, na palikuwa na muuguzi mmoja, mama mnene, mkali kama pilipili. Kila asubuhi alitukalisha kwenye mkeka, kila mtu aseme ameamkaje. Ukisema "salama" anakurukia: "Salama ya nini? Ungekuwa salama ungekuwa kwako. Sema kweli." Basi tulisema kweli, na wengine tulilia, na aliyelia hakuambiwa nyamaza. Tukimaliza, anagawa kazi. Siku ya kwanza aliponipa ufagio nilimwambia mimi naumwa.

"Najua unaumwa," akasema. "Hapa hakuna mgonjwa wa kufagiliwa. Shika."

Nilifagia huku machozi yananitoka. Kesho yake nikafagia tena. Ikaja siku moja nikafagia veranda yote mpaka mwisho, nikanyoosha mgongo, nikasikia njaa. Njaa! Nilikuwa nimesahau njaa inafananaje. Nilikula ugali kwa maharage yenye wadudu na niliona mtamu kuliko biriani. Toka siku ile nilijua nitapona.

Sasa narudi nyumbani. Vidonge vilikuwa vinanitetemesha mikono na mdomo unakauka, lakini nimesimama kwa miguu yangu. Wapangaji wenzangu wakanipokea kwa huruma, na huruma ile ilikuwa kama blanketi lenye viroboto. Walinisemesha kwa sauti kubwa, utadhani nililazwa masikio. "POLE DADA! UMELALA VIZURI?" Nikiazima kisu, kisu hakipo. Huku nakisikia ndani kinakata muhogo, kwa, kwa, kwa.

Ufagio uliporuka mlango wangu mara ya kwanza nilidhani wamepitiwa. Ulipozunguka wote ukaruka tena, nikamfuata jirani wa mlango wa pili, mama wa mapacha, mke wa fundi cherehani. Alikuwa anapuliza jiko.

"Shoga, ufagio umepita kwangu bila hodi."

Hakuinua macho. "Tumekupumzisha."

"Nani kaomba kupumzika?"

"Wewe si mgonjwa jamani? Choo kile kinateleza. Ukianguka? Ukijitupa?"

"Nijitupe kwenye choo kile? Hata anayetaka kufa ana pua."

Alitaka kucheka, akajikaza. "Muulize bi mkubwa. Ndiye aliyesema."

Bi mkubwa ndiye mwenye nyumba, Mzaramo wa zamani, alikaa mlango wa kwanza, kiti chake barazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ndefu ya kumbembeleza mtoto. Akaniambia nishukuru, kuna watu wangefurahi kutoosha choo maisha yao yote. Nikamwambia mume wangu jioni, naye akanishangaa. "Mke wangu, umeondolewa kazi ya mavi unanuna?"

Sikuweza kumweleza vizuri siku ile. Leo naweza. Kule kwa wagonjwa nilikuwa na zamu. Nyumbani, kwa watu wazima wenye akili zao, sina. Asiye na zamu katika nyumba ile alikuwa mtoto mchanga, au mgeni wa kuondoka kesho, au maiti. Nilijua kitakachofuata. Leo wananiruka kwenye ufagio, kesho kwenye kupika shughuli, keshokutwa binti yangu anaposwa wanaitwa wengine kusema kwa niaba yangu. Na mimi mwenyewe, nikizoea kurukwa, nitageukia ukuta tena.

Basi mzunguko wa tatu, alfajiri, kabla ya adhana, nikautoa ufagio mlango wa nne. Nikafagia. Nikaosha choo mpaka saruji ikaonekana rangi yake. Mwenye mlango wa nne, kijana mchuuzi wa mitumba, akaamka akakuta hana ufagio, akapiga kelele kwamba kaibiwa zamu. Kelele zikamwamsha bi mkubwa, bi mkubwa akakuta nimeinama na ndoo, akapiga kelele kubwa zaidi. Kabla ya chai balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa barazani, shati la kijani, kalamu mfukoni.

"Ndugu," akaniambia, "unalalamikiwa kuchukua kazi isiyo yako."

"Ndugu balozi, kila mkutano unatuambia asiyefanya kazi ni kupe. Mimi mikono ninayo miwili. Nani kanifanya kupe, mimi au hawa?"

Balozi akakohoa. Bi mkubwa akasema, "Balozi, huyu katoka kule."

"Nimetoka," nikasema. "Nimetoka, bi mkubwa, sijatoroka. Daktari kanifungulia mlango mwenyewe. Tena sikilizeni wote. Chooni naingia kama nyie. Kama mavi yangu yanakubalika humu ndani, na mkono wangu ukubalike."

Mume wangu akaangalia miguu yake. Mama wa mapacha akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanamcheza. Balozi akaona akiendelea atasikia makubwa zaidi, akaamua nirudishiwe zamu, ujamaa ni kushirikiana. Bi mkubwa akakubali kwa sharti lake: siku nikishindwa kufagia, ndiyo mwisho, nisidai zamu tena.

Nikasema sawa. Nilisema haraka, kwa hasira, wala sikufikiri.

Maana ugonjwa ule hauna adabu, hauulizi leo zamu ya nani. Nilifagia mizunguko kadhaa vizuri kabisa, ufagio unaukuta mlangoni, naushika kama kikombe cha mashindano. Ikaja asubuhi moja nikafumbua macho, kitu kile kimenikalia kifuani. Mwili mzito kama gunia lililonyeshewa. Nje ya mlango ufagio umesimama unanisubiri.

Mume wangu akaelewa. Akakunja suruali. "Lala, nifagie mimi." Na mwanaume wa miaka ile kuosha choo uani mbele ya wanawake, hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa mpaka Ilala.

"Ukiugusa," nikamwambia, "umenizika."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Nikajiuliza kama kule kwenye mkeka: umeamkaje? Nikajijibu kwa sauti, "Vibaya. Naogopa, na sijui naogopa nini." Kusema hivyo hakukuniponya. Lakini mguu mmoja ukashuka chini.

Nilitoka uani jua la saa sita, watu wote wanapika. Bi mkubwa alikuwa amekwishasogeza kiti chake karibu na bomba, ashuhudie. Nilifagia kidogo nikakaa kwenye kinu. Nikafagia tena, nikakaa tena. Mikono yote imeshika ufagio, machozi yananitoka, siyafuti, nitayafuta kwa mkono upi?

"Zamu ni ya asubuhi," bi mkubwa akasema.

"Zamu ni ya siku, bi mkubwa. Siku haijaisha."

Akafyonza. Nikaingia chooni na ndoo yangu. Nilipotoka jua lilikuwa limeshapinda, nikauburuza ufagio mpaka mlango wa nne, nikausimamisha, nikaenda kulala. Bi mkubwa akarudisha kiti chake barazani. Kesho yake nililala pia, na keshokutwa yake nikaamka.

Watu hupenda kuniuliza, wakijua habari zangu, kama nilipona. Nawajibu nilirudi sokoni, nikajifunza kupita pembeni pembeni na kuondoka kabla soko halijafurika, nikaozesha binti yangu na nikasema mwenyewe kwenye posa yake, na wajukuu sasa wananiita bibi mkali. Siku mbaya zilikuja, zinakuja. Zinanikuta nina kazi.

Lakini nilichoringia kuliko vyote ni asubuhi moja ya masika mwaka ule ule. Mama wa mapacha aligonga kwangu, homa imemkamata, macho mekundu, kajifunika kanga mbili. Mkononi ana ufagio.

"Shoga, nishikie zamu yangu. Siwezi kusimama."

Nikaegemea mwimo wa mlango. "Unampa nani? Mimi niliyetoka kule? Nikijitupa je?"

"We mwanamke, mwenzio naungua!"

"POLE DADA!" nikamwambia kwa sauti kubwa. "UMELALA VIZURI?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamnyang'anya ufagio, nikamwambia akalale, nitamletea uji. Nikafagia zamu yake. Nilipomaliza niliusimamisha ufagio mlango wa tatu, kwangu mwenyewe, kwa sababu kesho yake ilikuwa zamu yangu.