Kugonga Mti Ugenini

Vita vya pili vilinifikisha kusini ya Uhindi, na huko homa ikaniangusha. Wenzangu walipovuka kwenda Burma mimi nilibaki hospitali, Mwafrika pekee wodini. Aliyejua Kiswahili alikuwa mpishi mmoja wa Kihindi, aliyekulia dukani kwa mjomba wake Dar es Salaam, lakini kazi zilimzidi. Kulikuwa na siku nilizofungua kinywa kwa ajili ya kumeza dawa tu.

Sisi wagonjwa tulipopata nafuu tulipakiwa kwenye lori, tukapelekwa kutembea katika msitu ambamo wanyama walilindwa. Mpishi alikuja na chakula chetu. Tuliambiwa tusiachane, kwa kuwa tembo walikuwemo, na kwamba lori lingeondoka kabla ya magharibi.

Nilisimama kuwatazama nyati wa kule, wakubwa, weusi, miguu yao myeupe kama waliovaa soksi. Nilipogeuka, njia ilikuwa tupu.

Hapa inafaa nieleze jambo. Kwetu Kisarawe, watu wakiingia msitu wa Pugu kutafuta kuni hawaitani majina. Wazee walitukataza kuacha jina la mtu porini. Ukipotezana na wenzako unagonga shina kwa mgongo wa panga, mara mbili, kisha unanyamaza. Wao hugonga vivyo hivyo, nawe unaifuata sauti. Ni njia nzuri sana, mradi wenzako wawe wameizoea.

Nikaokota gongo, nikagonga. Nikanyamaza. Ndege waliacha kulia, halafu wakaendelea. Nikagonga tena, na tena, jua likishuka. Sikuthubutu kupaza sauti. Kila niliponyamaza nilisikia majani tu.

Aliyetokea ni mlinzi wa msitu, mzee mwembamba, amekasirika. Mpishi alikuwa nyuma yake, akihema.

"Anasema unamkatia miti. Shoka umelificha wapi, bwana?"

"Mwambie nilikuwa nawaita wenzangu."

Mpishi akalitazama lile gongo. "Wenzako gani? Wale wamekusikia, wakadhani ni mtu anachanja kuni. Wamepita."

Mlinzi alipotafsiriwa maneno yangu hakuamini hata kidogo. Alinikamata mkono wa shati, akaniongoza kama mwizi, akinifokea njia nzima. Sikuelewa hata neno moja. Lakini alikuwa akisema na mimi, si na mtu mwingine, na tangu wenzangu waende Burma hakuna aliyesema nami kwa muda mrefu namna ile.

Nilipoliona lori kati ya miti, nikapunguza mwendo.