Firigisi ya Mfalme

Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba. Haiulizwi. Kuku awe mdogo namna gani, mtoto alie namna gani, firigisi inakaa kwenye sahani ya baba. Baba yangu aliila, alipokufa nikaila mimi. Desturi hiyo nimekuja nayo mpaka Toronto.

Taabu ya huku ni kwamba kuku anauzwa amekwisha kusafishwa, tumbo tupu. Tulipokuwa tunakaa ghorofani kule barabara ya Dixon, mke wangu alihangaika mpaka akapata bucha ya Wasomali inayouza firigisi peke yake, mfuko mzima. Tangu hapo kila Jumapili nikawa napata firigisi yangu moja juu ya wali, kama inavyotakiwa. Tumehamia Brampton, na mfuko bado anaufuata kule kule Dixon.

Nyumba ya Brampton ni yangu. Nimeipata kwa kufagia viwanda, baadaye kwa kuendesha lori. Shule nimeishia darasa la nne. Kiti ninachokalia mezani sikurithi kwa mtu, nilikinunua, na meza yenyewe pia.

Sasa mjukuu wangu, tunayekaa naye pamoja na baba yake, alipoingia sekondari aliacha kula na sisi Jumapili. Anapakua, anapanda na sahani chumbani kwake. Ukimwita anajibu kwa Kiingereza kwamba ana kazi ya shule. Baba yake akaniambia nimwache, ndio umri. Sikutaka kumwacha. Watoto wangu wote walijifunzia Kiswahili na adabu kwenye meza ile, na huyu ndiye wa mwisho aliyebaki. Yeye akiondoka, ninabaki na bibi yake, na baba yake anayetazama simu.

Jumapili moja, theluji imeanguka kutwa, nikamwambia hiyo kazi ya shule ailete mezani, atueleze kwa Kiswahili. Akashuka amenuna. Kazi yenyewe ilikuwa juu ya Wafaransa walivyomwondoa mfalme wao.

"Haya, mfalme huyo alikosa nini?"

"Watu walikuwa na njaa, Babu. Mkate ghali. Yeye anakula."

"Hakuwa na washauri?"

"Alikuwa nao. Na wao wanakula."

Neno likimpotea alimtazama bibi yake, naye anampa. Akasema wanawake wa sokoni walitoka Paris kwa miguu, mvua inanyesha, wakaenda mpaka ikulu kudai mkate. Kesho yake wakarudi mjini na mfalme mwenyewe, mke wake na watoto.

"Wanawake?" nikauliza.

"Wanawake, Babu. Halafu baadaye akajaribu kutoroka, amevaa nguo za mtumishi. Wakamkamata njiani. Mwisho wakamkata kichwa."

"Mtu mzima unaikimbia nyumba yako kwa nguo za mtumishi! Mimi ningekaa."

"Ungekatwa."

"Ningekatwa nimekaa."

Baba yake akacheka. Nikawaambia kosa la mfalme yule ni kula bila kutoa jasho. Mimi nimefanya kazi. Mjukuu wangu akaitazama sahani yangu.

"Babu, mfuko una firigisi ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Wewe unakula moja. Nyingine zinakwenda wapi?"

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza. Kichwani mwangu kuku ni mmoja na firigisi ni moja, hata kama kuku wa huku hakuja nayo.

"Mpe Bibi hiyo," akasema. "Ukimpa, nitakula hapa kila Jumapili. Usipompa, napanda juu, na usiniite tena."

"Unanitisha nyumbani kwangu?"

"Ndiyo."

Baba yake akaweka simu chini. Nikamwambia mtoto kwamba mwanamke hali firigisi, hata bibi yake mwenyewe hawezi kukubali. "Muulize. Si huyo hapo?"

Mke wangu alianza kucheka kabla hajaulizwa. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mzee, mimi nazila tangu Dixon. Ulifikiri nazitupa? Nyingine nimezikaanga leo asubuhi, ulipokuwa nje unazoa theluji. Ziko jikoni."

"Na watoto?"

"Wote wamekula. Huyu mwanao ndiye aliyekuwa mlafi kuliko wenzake."

Mwanangu akaichukua simu yake haraka.

"Babu," mjukuu wangu akasema, amejishika mbavu, "wamekupindua zamani, hukupewa habari!"

Firigisi yangu nikaila, maana chakula hakiachwi kipoe kwa ajili ya siasa. Kisha nikamwambia mke wangu alete hizo nyingine tuzione.

Akaleta bakuli. Zilikuwa zimekaangwa kwa vitunguu, pilipili na ndimu. Nikaonja moja. Yangu mimi, miaka yote, ilikuwa ya kuchemshwa kwenye mchuzi, haina hata pilipili.

"Mbona mimi sipewi hizi?"

"Hukuuliza," mke wangu akasema.

Mjukuu wangu akavuta kiti, akakaa mpaka bakuli likaisha. Jumapili iliyofuata alishuka mwenyewe bila kuitwa, bakuli akalikuta katikati ya meza, na ndipo linapokaa mpaka leo. Firigisi ya kwanza nachukua mimi. Hilo hajalipinga mtu, na atakayelipinga akanunue meza yake.