Mnara wa Bibi

Jirani yangu hapa Bawshar anajenga, na kila alasiri mafundi wanaumwagia maji ukuta mpya. Harufu ya udongo mkavu uliorowa inaniingilia dirishani, nami nnakaa kitako, machozi yananitoka. Wanangu wananicheka. Nawacheke, hawakuujua mnara wetu wa Matrah.

Ulikuwa masalia ya ukuta wa kale uliolinda mji, mnene, wa mawe na udongo, umeinama kidogo upande wa bahari. Walinzi walikwishaondoka zamani. Mnarani walibaki njiwa, na mbuzi wa jirani akiingia kukimbia jua. Ulisimama juu ya kichochoro chetu hasa, na kokote uliko sokoni ukiuona.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuja nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Kuuliza njia akiona haya, watu wasije wakamcheka. Hata hivyo kila asubuhi alijitanda, akachukua bakuli la vitumbua, akenda kwa shoga yake Bi Zuwena, upande wa pili wa soko. Wakinywa kahawa na kupiga soga za Unguja mpaka adhuhuri. Siku moja nilimuuliza hapotei vipi. Akaangua kicheko: "Mwana we! Nnainua kichwa, nnauona mnara, nshafika kwangu."

Mwaka mmoja ikaja mvua kubwa, mnara ukapasuka. Wakaja watu na tingatinga wakauvunja, usije ukawaangukia wapita njia. Sisi watoto furaha tele, eti tumepata uwanja wa mpira! Kifusi kilipomwagiwa maji, harufu yake ilijaa nyumba nzima. Bibi alisimama mlangoni na bakuli lake la vitumbua, kisha akarudi ndani.

Tangu siku ile magoti yakaanza kumuuma. Vitumbua alipika vile vile, lakini nilivipeleka mimi. Bi Zuwena akiniuliza, "Bibi yako kanikasirikia? Nimemkosea nini?" Nami nikijibu, "Magoti, Bi Zuwena." Nikimweleza Bibi, anageuza uso. Na ajabu, magoti hayo hayo yalipanda ngazi za darini kuanika nguo bila ya kulalama. Mama akisema uzee una visa vyake.

Bi Zuwena alifariki kabla ya Ramadhani. Mama alibaki kilioni kusaidia jikoni, nikarudi nyumbani na Bibi. Aliubana mkono wangu mpaka ukaniuma, na kila penye njia panda alisimama, akainua uso juu. Nilidhani anamwombea dua shoga yake. Nikainua na mimi mkono wangu uliobaki, nikaitikia amin.

Nilipoolewa nikahamia huku Bawshar, nilipotea siku ya kwanza tu katikati ya majumba meupe yanayofanana. Nikainua kichwa kutafuta chochote ninachokijua. Hapo ndipo nilipomwelewa, nikalia njiani kama mtoto. Bibi hakuwa akiomba dua. Alikuwa akiutafuta mnara wake, na haya ilimzuia kuniambia, "Nshike mkono, mjukuu wangu, unpeleke kwa shoga yangu."

Wallahi, ningempeleka kila siku.