Posa ya Fundi Theluji

Wengine huanza mhusika kwa macho. Macho ya zambarau, au jicho moja la bluu na la pili la dhahabu. Kisha yatima, kisha upanga wa babu, na kabla hujafika mwisho wa ukurasa umeshajua kwamba mtoto huyo ni wa kifalme, ila hajaambiwa tu. Mama Wawili yeye alianza kwa doa.

Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika duka la dobi, kwenye meza ya madoa, ile ndefu iliyo kati ya kaunta na mashine. Kila nguo ilipitia kwake kabla ya kuonja maji. Aliikunjua, akainusa, akageuza mifuko ndani nje. Wino kwenye mfuko wa kifua: huyu huandika kwa haraka na kusahau kifuniko. Suruali iliyochakaa goti moja tu: huyu hufanya kazi kwa kupiga goti, na ni goti la kulia. Kola iliyokatika upande mmoja: huyu hugeuza shingo kumsikiliza mtu, huenda sikio moja halisikii vizuri. Watu walikuja kaunta wakajieleza wapendavyo; yeye aliisikiliza nguo. "Nguo haisemi uongo," alizoea kusema. "Haijafundishwa."

Kipaji hicho kingeozea pale mezani kama si binti yake, kitinda mimba, ambaye kabla ya kwenda masomoni mbali alimwekea mama yake jukwaa la hadithi kwenye simu, asije akabaki mpweke. Lilikuwa jukwaa la mashabiki wa tamthilia moja iitwayo Mji wa Juu, mji uliojengwa juu ya mawingu. Tamthilia yenyewe ilikatizwa katika msimu wa pili, Kamanda wa mji, mwanamke, akiwa amesimama mbele ya lango lililovunjika, nywele zinapepea, na haijulikani kama ataishi. Watengenezaji wakamwacha hapo hapo. Mashabiki wakakataa kumwacha. Wakaanza kuandika wenyewe, maelfu yao, kila mmoja na njia yake ya kumtoa langoni.

Na kila mmoja aliruhusiwa kuleta mtu mpya mjini. Ulimjazia kadi: umri, kazi, ndoa, anachoogopa, asichoweza. Kisha ukamweka Ghalani. Akishaingia Ghalani ni wa wote. Yeyote anaweza kumwazima na kumtia katika hadithi yake. Ila mambo matatu yalihitaji ridhaa ya aliyemuumba, ambaye walimwita mlezi: kumuua, kumwoza na kumtoa mjini. Mlezi alipewa siku saba kujibu. Akinyamaza, amekubali.

Mama Wawili, ambaye huko alijiita Pasi Baridi, alikuwa na wahusika thelathini na mmoja Ghalani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na upanga. Alikuwa na mpiga kengele mwenye kigugumizi. Alikuwa na mwanamke wa kuhesabu blanketi. Mashujaa wa wenzake walipotoka vitani lazima mtu awafungulie mlango, na mtu huyo mara nyingi alitoka kwake. Waandishi walimpenda kwa hilo. Ukimwazima mtu wa Pasi Baridi, walisema, anakuja na mikono yake.

Wa thelathini na moja ndiye aliyeleta balaa.

Aliitwa Fundi Theluji, mlinzi wa chumba cha baridi zinamohifadhiwa mbegu za mji mzima. Mama Wawili alimwandika siku moja ya mvua, duka halina mteja, na alimtoka kama maji ya bomba. Theluji akifungua mashine huweka kila skrubu kwenye kizibo chake cha chupa, kwa mpangilio ilivyotoka. Huzungumza na mashine: "Haya mama, taratibu, nani kakuudhi?" Anachoogopa: simu kulia saa ya kula. Asichoweza: kumwambia mtu neno zuri usoni, yote huyamalizia kwa mashine.

Katika miezi mitano Theluji aliingia hadithi arobaini na moja.

Jumatatu moja, mkono mmoja umeshika koti la mtu na mwingine simu, Mama Wawili akasoma ujumbe kutoka kwa mtu aitwaye Chumvi ya Mawe. Huyu aliongoza waandishi kumi na mmoja katika hadithi moja ndefu, mwezi wa nne sasa. Ujumbe ulikuwa wa adabu. Walikuwa wanaomba ridhaa ya kumwoza Fundi Theluji kwa Kamanda. Sura ya posa walikuwa wameshaiandika, wakaiambatanisha.

Akaisoma. Theluji anavua glovu ndani ya chumba cha baridi, anaushika mkono wa Kamanda, na kumwambia: "Mashine zote nilizowahi kutengeneza zilikuwa mazoezi ya kukusikiliza wewe."

Chupa ya siki ikaanguka mezani.

"Wifi, umeona nyoka?" akauliza mpiga pasi wa meza ya pili, aliyekuwa dada wa mumewe na mwenye masikio kuliko redio.

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu na siki inaingia viatuni." Wifi akaja, akachungulia begani, akasoma kadi kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya mahakama. Alipofika kwenye vizibo akasita. Alipofika kwenye "haya mama, taratibu" akaweka mkono kiunoni. "Huyu ni kaka yangu."

"Si kaka yako. Ni mhusika."

"Ni kaka yangu amevaa kofia! Nimelala chumba kimoja na hivyo vizibo miaka kumi na minne, utanifundisha?" Kisha kidole chake kikasimama juu ya kioo. "Na hapa penye ndoa, mbona patupu?"

Mama Wawili akatazama. Kweli, palikuwa patupu. Alikuwa amejaza kila mstari, huo akauruka, na muda wote ule hakuona.

"Nilisahau."

"Ulisahau kama ameoa? Si umejisahau wewe!" Wifi akacheka hadi akashika ukingo wa meza. "Asiyekuwapo na lake halipo, wifi yangu. Umemwacha kaka yangu mseja mbele ya dunia nzima, halafu unashangaa kapata mchumba. Tena kamanda! Kumbe kaka ana bahati, tatizo hatoki nyumbani."

Namna ilivyotokea haikuwa ngumu kuelewa. Aliandika kile ambacho macho yake yaliona kila jioni, naye aliona akiwa amesimama mlangoni. Aliyesimama mlangoni haingii kwenye picha.

Lakini wivu wake haukuwa wa Kamanda. Kamanda hata hayupo. Uliomchoma ni ule mstari wa glovu. Miaka ishirini na sita iliyopita, mumewe alipokuja kwao na wajomba zake, na wajomba wakasema yote ya kusemwa, waliachwa wawili sebuleni dakika tano. Alisema: "Friji lenu linavuja. Nitakuja kulitazama." Na alikuja, akalitengeneza, na likadumu kuliko wazazi. Tangu hapo neno zuri lilikuwa kama mgeni aliyeahidi kupita: unaacha kumtengea kiti, lakini masikio yanabaki njiani. Sasa mtu asiyemjua, mahali asipopajua, amemfungua mumewe mdomo, na aliyesikia ni mwingine.

Angekataa, basi. Lakini akikataa, miezi minne ya kazi ya watu kumi na mmoja inabaki bila paa, kwa kosa la mstari aliouacha mwenyewe. Jumanne aliandika "hapana" akaifuta. Jumatano akaandika "sawa" akaifuta haraka zaidi. Kila asubuhi wifi alimpokea kwa "Bwana harusi hajambo?" Jumapili siku saba zingekuwa zimetimia, na kimya chake kingekuwa ndoa.

Jumamosi saa sita, wakifunga duka, wifi hakucheka. "Posa hupelekwa kwa wenyewe. Mwambie."

"Nimwambie kwamba nimemwandika?"

"Mwambie wewe, au nimwambie mimi. Na unanijua, nikisimulia naongeza."

Nyumbani, mumewe alifanyia kazi baraza ya nyuma, katikati ya majokofu saba yaliyofunguliwa migongo. Alikuwa amepiga goti, goti la kulia.

"Baba Wawili, kuna watu wameleta posa."

"Mtoto hajamaliza masomo," alisema bila kugeuka. "Wasubiri."

"Si ya mtoto. Yako."

Bisibisi ikasimama. Akamweleza yote: jukwaa, Ghala, Theluji, Kamanda, siku saba. Ilichukua muda, maana mara mbili ilibidi arudi nyuma kueleza mji unakaaje juu ya mawingu ("Juu ya nini? Nguzo zake ziko wapi?"). Kisha mumewe akafuta mikono, akakalia kreti, akasema, "Nisomee hiyo kadi."

Alisoma. Kwenye vizibo mumewe alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye simu ya saa ya kula alisema, "Hilo kweli." Kwenye asichoweza alinyoosha mkono akazima jokofu moja lililokuwa likijaribiwa.

"Wamesoma wangapi?"

"Elfu sita na kitu."

"Watu elfu sita wanajua siwezi kusema neno zuri."

"Hawakujui wewe. Wanamjua Theluji."

"Theluji ana vizibo vyangu."

Aibu ikampanda Mama Wawili hadi masikioni. Miaka yote ile dukani hakuwahi kumwaibisha mteja. Alichokiona kwenye nguo kilibaki mezani. Na sasa ya mumewe ndiyo ameianika kwenye kamba barabarani. "Nisamehe," alisema. "Sikufikiria. Niliandika tu."

Mumewe alikuwa akitazama mikono yake. "Soma hiyo ya posa."

Akasoma. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama asikilizavyo kompresa, na mwisho akaguna. "Hapana. Huyu si mimi. Friji unalifanyia mazoezi? Friji la mtu lina nyama ndani! Na glovu havui mtu kwenye chumba cha baridi, vidole vitabaki kwenye mlango." Mama Wawili akacheka. Kicheko kilipoisha alimwona bado anamtazama. "Wewe uliyapenda hayo maneno?"

Angeweza kudanganya. Ilikuwa rahisi, na adhuhuri ingepita vizuri.

"Niliyapenda," alisema. "Na niliona wivu."

Mumewe akaokota skrubu, akaitazama, akairudisha kwenye kizibo chake. "Huo mstari wa ndoa, andika ameoa."

"Nikiandika ameoa, watauliza nani. Lazima mke awe na kadi. Na mimi siwezi kujiandika. Tangu Jumanne najaribu, kila nikianza natoka na macho ya zambarau."

"Lete simu."

"Unaijua?"

"Natengeneza mashine, Mama Wawili. Lete. Na ukakae kule."

Alijifungulia jina lake mwenyewe jukwaani. "Fundi" lilikuwa limeshachukuliwa, kwa hiyo akawa Fundi Mwenyewe. Alichapa kwa kidole kimoja, akipumua kwa nguvu, na mara mbili alimfukuza wifi aliyekuja eti kuazima ndoo. Ilikwenda saa nzima. Kisha akamrudishia mkewe simu na kuinama tena kwenye friji, mgongo kwake.

Jina: Mke wa Theluji. Umri: hauulizwi. Kazi: kutoa madoa, halijamshinda ila moja, la oili kwenye shati la harusi la mumewe, na kila mwaka hulijaribu tena. Ndoa: ndiyo. Anachoogopa: mtu wa nyumbani akichelewa. Hasemi. Hufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Asichoweza: kula kabla mumewe hajarudi. Husema ameshakula. Sahani yake huwa kavu.

Akaisoma mara tatu. Alitaka kusema kitu kwa ule mgongo, lakini mgongo ulikuwa umeshaanza kuongea na friji, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Akauacha.

Jioni ile alimjibu Chumvi ya Mawe: hapana, na samahani, na sababu. Jibu lilikuja kavu: "Miezi minne, Pasi Baridi." Alistahili, akalipokea. Usiku wake hakulala vizuri kwa ajili ya wale kumi na mmoja.

Jumatatu saa tatu na dakika kumi, mvuke wa pasi umejaa duka, simu ikalia. Halikuwa ombi lake. Lilikuwa limepelekwa kwa mlezi wa Mke wa Theluji, na yeye aliliona kwa kuwa liko wazi kwa wote. Wifi alifika kabla yake.

"Tunaomba ridhaa," wifi akasoma, "ya kumuua Mke wa Theluji, kwa heshima zote, kwa maradhi yasiyo na maumivu, katika sura ya kumi na tisa, ili hadithi iweze kuendelea." Akaweka pasi chini. "Wifi! Wanakuua!"

"Ana siku saba za kujibu," Mama Wawili alisema, na akashangaa kuona sauti yake imekuwa nyembamba.

Hazikuhitajika. Kabla wifi hajarudi mezani kwake simu ililia tena. Saa tatu na dakika kumi na moja. Kwa mtu wa kidole kimoja, lazima aliacha friji la mtu wazi.

"Hapana," aliandika Fundi Mwenyewe. "Kamanda mtafutieni mtu mwingine. Huyu anatumika."

"Anatumika!" wifi akapiga kofi. "Kama jiko! Ndilo neno zuri hilo?"

Mama Wawili alikuwa ameshavuta koti jingine mezani na kugeuza mfuko wake ndani nje, lakini hakuwa anautazama.

"Ndilo," alisema.