Sukuma Wiki za Ng'ambo ya Kamba

Mama mkwe wangu alinitania kwenye simu kwamba udongo wa mtaa wetu wa Mbotela huota misumari tu. Niliudhika. Nikatoka nyuma ya nyumba, nikapiga picha ya sukuma wiki za jirani, nikamtumia na maneno mawili: bustani yangu. Akafurahi mno, akasema mwezi ujao atakuja kuiona.

Hapo ndipo nilipoanza ukulima. Mpaka wangu na jirani ni kamba iliyofungwa kwenye vijiti, na upande wangu ulikuwa kokoto, vizibo vya soda na majivu ya jiko ya wapangaji wa miaka mingi. Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nikanunua gunia la mbolea ya kuku, ingali mbichi, inanuka mpaka watu wakafunga madirisha, nikaimwaga yote kwa pupa. Miche yangu ikaungua. Kilichonawiri ni magugu.

Siku ya kuamkia ujio wa mgeni nikayang'oa yote kwa hasira na kuyarundika yaoze. Kisha nikamwendea jirani, bibi wa Kiislamu mzaliwa wa Mombasa, nikaungama. Alicheka hadi akashika mlango. Akakubali tuihamishe kamba kwa siku moja, izungushe sukuma zake na kuziacha nje kokoto zangu, sukuma zake ziwe kwangu na jangwa langu liwe lake.

Mama mkwe alifika asubuhi akitokea Murang'a. Aliyapapasa majani, akachukua udongo kidogo, akaunusa, akanisifu. Nakiri nilivimba kichwa. Nilianza hata kumfundisha jinsi ya kuozesha samadi, mimi niliyekulia ghorofani Eastleigh, ambaye mboga nazijua zikiwa zimeshakatwa na kutiwa mfukoni. Yeye hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa ameinama juu ya lile rundo ng'ambo ya kamba, ameshika shina moja.

"Hii managu nani ametupa?" aliuliza. "Na hii terere?"

Kumbe ni mboga. Niliona aibu, na ulimi ukanitangulia: nikamwambia ni jirani, mtu wa Pwani, hajui hizi ni nini.

Nilisahau kwamba dirisha la jikoni la jirani lilikuwa wazi. Alitoka taratibu, leso kiunoni, wala hakunitazama.

"Mimi nitupe mnavu, mama? Hii managu yenu ndiyo mnavu wetu, nimelishwa tangu sina meno."

Kisha akang'oa kijiti kimoja baada ya kingine, akairudisha kamba mahali pake, nami nikabaki na kokoto zangu. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ile ilikuwa ngumu hata kwa jembe.

Wawili hao walikaa kibarazani wakichambua magugu yangu na kucheka kama waliolelewa nyumba moja. Mchana tukayala kwa ugali. Yalikuwa matamu, jambo lililoniudhi zaidi. Mama mkwe alinieleza kwa upole kwamba mbolea ya kuku huachwa ioze kwanza, na hakutaja picha hata mara moja. Nikadhani nimesamehewa.

Alipokuwa anaondoka, akatoa simu.

"Shika jembe, mwanangu. Inama hapo katikati."

Niliinama, akapiga picha. Kabla hajafika stendi, simu yangu ililia: alikuwa ameituma kwenye kundi la ukoo mzima, mimi na kokoto zangu, na chini yake ameandika, "Bustani yake."