Mbao Mbili Zilizobaki

Mke wangu alikuwa mfupi. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yametokana nalo.

Siku tuliyomzika, fundi alikuwa amekata mbao kwa kipimo cha mtu wa kawaida. Kwetu Likoni, maiti wa Kiislamu hulazwa ndani ya mwanandani, kile kishimo chembamba kilicho chini ya kaburi, kisha mbao fupi hupangwa juu yake kutoka kichwani hadi miguuni, ndipo udongo urudishwe. Zake zilifika miguuni mapema. Mbili zikabaki. Jirani mmoja alizirudisha nyumbani, akaziegemeza kwenye ukuta wa uani. Nilikuwa nikienda kuoga nazipita, nikirudi nazipita.

Mke wangu alikuwa akiwapaka maharusi hina. Ugonjwa ulipomzuia kutoka, alianza kuchora kwa rangi juu ya kitambaa kizito cha turubai, akiwa amekaa kitandani. Alimaliza picha moja tu. Ni uani kwetu: kamba ya nguo yenye leso yake, mbuzi ya kukunia nazi na, kando kabisa kulia, ndara zake mbili. Mtu hakumchora. Hakupenda sura ya mtu ukutani mahali tunaposwali.

Kitambaa kilibaki kimekunjwa kama mkeka. Nilipokifungua baada ya mazishi, niliona rangi imeanza kufanya nyufa. Kama nisingekitandaza kwenye fremu, kingeharibika, nami sikuwa na kitu kingine kilichotoka mkononi mwake. Hina huchujuka.

Mimi si seremala. Nimeishia darasa la saba na nimepakia mizigo maisha yangu yote. Niliazima msumeno, nikazilaza zile mbao mbili chini uani. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Waa kunikalia msibani, alitoka jikoni akasimama.

"Baba, hizo si zilitoka makaburini?"

"Ndizo, mama. Zilibaki."

"Na wataka kuziingiza ndani?"

"Hazikufunika mtu. Zilikatwa kwa ajili yake, zikamzidi."

Akaketi kwenye kizingiti cha jikoni. Lau angekataa, ningeziacha.

Nilikuwa nimepanga kupasua kila ubao katikati kwa urefu, nipate pande nne. Lakini nilipopima, urefu wa ubao ulitosha kimo cha picha tu. Kwa upana picha ilizidi kama shubiri moja, na shubiri hiyo ndiyo iliyokuwa na ndara. Zingekunjwa nyuma ya fremu na kupigiliwa misumari.

"Itabidi niipunguze hapa," nikasema.

Mama mkwe akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Huyu aliyeishi akipanda kigoda kufikia rafu yako, nawe wampunguza tena? Hata ndara umvue?"

Rafu hiyo ya jikoni niliipigilia mwenyewe tulipohamia, kwa kimo changu. Kila niliposema niishushe, mke wangu alikataa. "Iwache," alikuwa akisema, "panya nao ni wafupi kama mimi."

Mama mkwe akaingia jikoni, akaanza kuondoa mikebe ya sukari na majani ya chai. Ya nyuma mkono wake haukuifikia. Nikaingia nikamalizia mimi, kisha nikaing'oa rafu.

Rafu ikatoa pande mbili ndefu, nyeusi kwa moshi. Mbao za kaburi zikatoa zile fupi, bado nyeupe. Nilikata ncha kwa mshazari, nikaziunganisha kwa gundi na misumari, nikapima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe kuhakikisha fremu haijapinda. Kingo nikazilainisha kwa msasa zisije zikakata kitambaa.

Hata hivyo nilikosea. Nilianza kupigilia kwenye pembe, na kitambaa kikafanya mkunjo ulioelekea kwenye leso. Nikang'oa. Nikaanza tena katikati ya kila upande, mama mkwe akivuta, mimi nikigonga, tukisogea kidogo kidogo kuelekea pembeni. Vipande vya rangi vilituangukia mapajani.

Tulipofika upande wa kulia akasema, "Polepole hapo, mwanangu."

Nikautoa msumari mdomoni. Nikagonga taratibu. Mbuzi ya nazi ilipata ufa. Ndara zilitoka nzima.

Wakati wa kuitundika, niliweka alama ukutani kwa kimo changu, kama nilivyofanya kwa rafu. Kisha nikamwona mama mkwe ameinua kidevu ili aone. Yeye na bintiye walikuwa kimo kimoja. Nikashusha alama.

"Hapa?"

"Shusha."

"Hapa?"

Alitazama mbele, shingo imetulia, akafuta macho kwa ncha ya leso. "Hapo."

Wageni husema picha imetundikwa chini mno. Siibadilishi. Nikitaka kuitazama, huinama kidogo.